Kwa Zuhura, Niliyempiga kwa Sheria ya Wakelti

Mdogo wangu Zuhura,

Sianzi kwa kukuuliza hali. Hali yako niliiharibu mimi, na nikikuuliza leo itakuwa kama nakukebehi. Naanza na jambo lenyewe. Watanzania wa Toronto wanakuita mwongo. Wanasema ulimsingizia mume wa watu mahakamani, ndiyo maana ukarudishwa nyumbani. Miaka minane nimekaa nao, nimekula pilau kwenye harusi zao na maulidi yao, nimewasikia wakilisema hilo, nami nikaendelea kutafuna. Namba yako ya simu haipatikani tena, na kwenu wananiambia umehama, hawajui ulipo, au wanajua na hawataki kuniambia. Kwa hiyo barua hii naiweka wazi, kwenye ukurasa wanaousoma wote. Uliaibishwa mbele za watu, na mimi siwezi kuja kukutetea kwa kunong'ona.

Mwongo ni mimi. Haya, sasa nieleze.

Unakumbuka Januari ile uliyoletwa? Rashidi, mume wetu, alisimama mlangoni pa nyumba yetu ya Lawrence Heights na viatu vyenye theluji, hakuvivua hata. Wewe ulikuwa nyuma yake, umevaa koti la kuazima lililokufika kwenye vifundo vya miguu, na soksi mbili mbili ndani ya kandambili. Kandambili, Zuhura, kwenye baridi ile! Akasema, "Huyu Zuhura. Nimemuoa nilipokwenda Tanga. Mtazoeana." Basi. Kesho yake asubuhi akapanda lori lake kupeleka mizigo Calgary, akatuacha mimi, wewe na Salma wangu aliyekuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na mbili, nimepigwa naye miaka kumi na moja, na hakuwahi kuniambia hata kwa utani kwamba anatafuta mke wa pili.

Kitu ambacho hukukijua siku ile ni kwamba nilikuwa na karatasi kwenye mkoba. Jumamosi nilikuwa nasoma shule ya watu wazima, namalizia sekondari niliyoiacha kidato cha pili. Siku nyingine nilikuwa kiwandani Malton napanga sahani za chakula cha abiria wa ndege. Mwalimu wetu wa historia, mama mmoja mwembamba ambaye babu zake walitoka Ayalandi, alikuwa anatufundisha Wakelti wa kale, na alitaka kila mmoja wetu aandike insha juu ya wanawake wao. Zuhura, mimi nilidhani wazungu wa zamani wanawake wao walikuwa wanakaa dirishani wakifuma. Wapi! Mwalimu alituonyesha picha ya kaburi la mwanamke aliyezikwa na gari lake la kukokotwa na pete nzito ya dhahabu ya shingoni. Akatuambia walikuwepo waliosimama katikati ya majeshi mawili yanayotaka kuuana, wakaamua ugomvi, na wanaume wakawasikiliza. Walikuwepo malkia wa vita, watabiri, wenye ng'ombe na ardhi kwa majina yao. Nilikuwa nasoma vile vikaratasi kwenye basi na abiria wananitazama kwa jinsi ninavyoguna.

Sasa karatasi iliyokuwa kwenye mkoba ilikuwa ya sheria za kale za Ayalandi. Ilisema hivi: mume akileta mke mwingine juu ya kichwa cha mke mkubwa, basi mke mkubwa ana siku tatu. Kwa siku tatu anaweza kumfanya yule mgeni atakavyo, asimuue tu, na hakuna wa kumdai kitu. Mgeni naye ameruhusiwa kukwaruza kwa kucha, kuvuta nywele na kutukana. Zaidi ya hapo hana ruhusa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikasema, hawa nao walikuwa watu! Wiki mbili baadaye Rashidi akakuingiza mlangoni.

Nisijitetee. Sikukasirika nikapoteza akili. Nilikaa kitandani nikaitoa karatasi, nikaisoma tena polepole, nikaikunja vizuri, nikaja jikoni.

Siku ya kwanza ulikuwa unamenya viazi. Nilikupiga makofi mpaka kisu kikaanguka, nikakushika nywele, nikakuburuta hadi sebuleni. Uliniuliza, "Bi mkubwa, nimekosa nini?" Hilo la kuniita bi mkubwa kwa adabu ndilo lililonitia wazimu zaidi. Siku ya pili nilichukua mwiko wa ugali. Nilianzia mgongoni nikashuka mpaka kwenye mashavu ya miguu, na mwiko ulipovunjika nikaendelea na kipande kilichobaki. Hukunirudishia. Hata kucha hukutoa, na kucha uliruhusiwa! Ulijikunja tu ukafunika uso, na mimi kila nilipoona umefunika uso niliona unanidharau.

Siku ya tatu unaijua. Ulikuwa umesimama kando ya sinki. Nilirusha mfuniko wa sufuria, ule mzito wa chuma, ukakupata upande wa kushoto ukalipasua sikio kuanzia juu mpaka karibu na shimo la hereni. Damu ilikwenda kwenye vyombo, kwenye pazia, kwenye unga. Ulipiga ukelele mmoja na jirani wa juu akagonga sakafu. Nikakukandamiza sikio kwa taulo huku nikikutukana, nikalibana kwa plasta, na hospitali sikukupeleka kwa sababu wangeuliza. Likapona vibaya, likawa na ncha mbili.

Siku ya nne nilipika chai ya iliki na mandazi, nikakuwekea mezani. Uliniangalia kwa jicho moja, lile jingine lilikuwa limevimba.

"Umemaliza, bi mkubwa?"

"Nimemaliza. Siku zimekwisha."

"Siku gani?"

Nikakueleza. Wakelti, Ayalandi, mke mkubwa, siku tatu, yote. Nilikuwa naeleza kwa fahari, Mungu anisamehe, kama mtu anayesoma hukumu. Wewe ulisikiliza mpaka mwisho, halafu ukaanza kucheka, na mdomo ukapasuka upya ukawa unacheka na damu kwenye meno.

"Yaani umenipiga kwa sheria ya wazungu waliokufa?"

"Ndiyo."

"Wa Ayalandi?"

"Ndiyo."

"Loo! Mimi mtoto wa Muheza!"

Tukacheka wote wawili mpaka nikalia. Sijui nilikuwa nalia nini. Ukaniomba hiyo karatasi uione, maana wewe ulimaliza kidato cha nne na Kiingereza chako kilikuwa kizuri kuliko changu. Ukasoma. Ukaigeuza. Ukasema, "Mbona huku nyuma pia kumeandikwa?"

Zuhura, mimi upande wa nyuma sikuwa nimeusoma. Kiingereza kilikuwa kinanichosha na upande wa mbele ulikuwa umenifurahisha, nikaona yatosha. Ukanisomea kwa Kiswahili, taratibu, na kidole kwenye mstari. Mume akimpiga mkewe akamwachia alama mwilini, mke ana haki ya kumwacha. Mume akimletea mke mwingine juu ya kichwa chake, ana haki ya kumwacha. Anaondoka na alichokuja nacho, na fungu lake katika kila kilichotengenezwa kwa mikono yake. Ukaiweka karatasi mezani.

"Kwa hiyo ungeondoka tu, bi mkubwa. Umenipiga mimi, na mwenye kosa yuko Calgary."

Nilichukua kikombe chako nikakuongezea chai.

Miezi ile iliyofuata nayo nataka watu waijue, kwa sababu wanadhani tulikuwa maadui. Tuliandika ile insha pamoja, wewe unatafsiri, mimi naandika, Salma anaturekebisha tahajia na kutujibu kwa Kiingereza chake cha haraka. Wewe ulimpenda yule mwanamke Mkelti wa Galatia, huko Uturuki ya leo. Askari wa Kirumi alimteka akambaka, halafu akataka fidia ili amrudishe kwa mumewe. Walipokutana kando ya mto kukabidhiana, yule mama akawapa watu wake ishara, wakamkata askari kichwa. Akakifunga kwenye nguo yake, akakibeba njia nzima, akakibwaga miguuni pa mumewe. Ulikuwa ukilisimulia hilo huku unatwanga vitunguu saumu, na kila ulipofika kwenye kichwa ulikuwa unagonga kinu kwa nguvu mpaka Salma anaziba masikio. Mimi niliwapenda wale wake wa Wagali, Wakelti wa Ufaransa ya leo, ambao Mrumi mmoja aliandika kwamba mgeni akigombana na mume si tatizo, tatizo ni mke akiingia, maana anavimba shingo, anasaga meno, anatoa ngumi na mateke hata kundi la wanaume haliwezi kusimama. Ulikuwa unaniambia, "Huyo ni wewe, bi mkubwa, ila umekosea wa kumpiga." Ulikuwa unalisema ukitabasamu. Mimi nilikuwa natabasamu pia, na ndani yangu nachomeka.

Na malkia yule wa Uingereza ya kale aliyechapwa viboko na Warumi, binti zake wakanajisiwa mbele yake, naye akainua kabila zima akachoma miji mitatu, London ikiwemo, mpaka ardhi ikabaki nyekundu ya majivu. Nilikuuliza, wewe ungechoma wapi? Ukasema ungechoma lori.

Halafu ukaja mwezi wa tano. Nilikuwa zamu ya asubuhi Malton. Nilishuka kwenye basi saa tisa alasiri, nikakuta mlango wetu uko wazi na gari la polisi walioitwa na jirani wa juu limesimama nje, Rashidi amekalishwa ndani yake anafuta mikono kwenye suruali. Nilikukuta bafuni, kati ya beseni na ukuta, polisi mmoja mlangoni anaita ambulensi. Meno mawili yalikuwa kwenye sinki. Alikupiga kwa mkanda upande wa chuma, na ulipoanguka akatumia buti, mbavu tatu. Na sababu ilikuwa nini? Ulimuuliza karatasi zako za ukaazi alizoahidi kupeleka. Hakuwa amepeleka hata moja. Nilipiga magoti nikataka kukuinua na wewe ukanisukuma mkono, ukasema, "Usiniguse, kunauma," na nikakumbuka kwamba maneno hayohayo ulikuwa umeniambia mimi.

Hospitalini muuguzi alihesabu majeraha moja moja. Mbavu, nani? Yeye. Meno, nani? Yeye. Akafika kwenye sikio, kovu la zamani, akauliza nani. Nilikuwa nimesimama kwenye kona, nimeshika koti lako. Ulinitazama. Halafu ukasema, "Yeye. Yote yeye."

Kwa nini ulifanya hivyo, Zuhura? Hakuna aliyekulazimisha. Ungesema tu, huyu hapa mwenye koti.

Mahakamani wakili wa Rashidi alikuwa amejiandaa. Alileta karatasi za safari za lori, zenye mihuri, kuonyesha kwamba siku ile ya kelele, ambayo jirani wa juu aliikumbuka vizuri, Rashidi alikuwa njiani kwenda Calgary. Nikaitwa mimi. Akaniuliza kama mume wangu alikuwa nyumbani wiki ile. Nikasema hakuwepo. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama najua basi nani aliyempasua huyu dada sikio.

Mkalimani alinitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa. Niliangalia zulia. Nilimfikiria Salma, kwamba watamchukua. Nilifikiria uraia wangu, ombi lilikuwa limebaki kidogo. Yote hayo ni kweli, na yote hayo si kitu. Nikasema, "Sijui. Alikuja nalo kutoka kwao."

Wewe ulikuwa umekaa hatua sita kutoka kwangu, mbavu bado zimefungwa. Hukupiga kelele. Hukusema mimi ni nani. Uliinamisha kichwa tu, na kila mtu mle ndani aliona mtu aliyekamatwa kwenye uongo. Hakimu akasema aliyedanganya kuhusu sikio hawezi kuaminiwa kuhusu mbavu. Rashidi akatoka kwa mlango wa mbele akipeana mikono na watu. Watu wa uhamiaji nao, ulipoomba uruhusiwe kubaki, wakaandika kwenye faili lako yaleyale, kwamba neno lako haliaminiki.

Ulinipigia simu kutoka walipokushikilia. Sauti ilikuwa ya kawaida, kama unaniuliza kama kuna sukari.

"Bi mkubwa, usiseme. Una Salma."

Nikalia nikasema sawa. Unasikia? Nilisema sawa! Mtu aliyepigwa na mimi, akapigwa na mume wangu, akapigwa na mahakama kwa ulimi wangu, ananipa ruhusa ya kunyamaza, na mimi naipokea kama zawadi ya Idi. Nimeitumia ruhusa hiyo miaka minane. Nilikuwa nikishindwa kulala najiambia, mwenyewe alisema nisiseme.

Rashidi alirudi nyumbani. Wiki ya pili aliinua mkono kwa sababu chapati zimekuwa ngumu. Nilikuwa karibu na kinu. Nilimpiga mchi kwenye kifundo cha mkono na nikausikia mfupa unavyolia, nikampiga tena kwenye bega, na alipoanguka nikampiga kwenye paja, na nilikuwa nasaga meno, Zuhura, shingo imevimba, alikuwa ananiita jina langu kwa hofu, mara ya kwanza katika maisha yake. Nikamwambia akae hapohapo sakafuni. Nikafungasha nguo, nikachukua cherehani niliyokuja nayo na mapazia niliyoyashona mwenyewe, nikamchukua Salma shuleni na hatukurudi. Tunakaa Mount Dennis mpaka leo. Uraia nilipata. Ule upande wa pili wa karatasi niliufuata neno kwa neno, mimi, niliyesomewa na wewe. Wewe ulikuwa Muheza kaka yako amekufungia mlango, maana Rashidi alikuwa ameshawapigia simu wazee wako akawasimulia ya mahakamani.

Desemba iliyopita tulikuwa ukumbini kwenye sherehe ya Uhuru, wanawake tumekaa meza moja. Mmoja akasema kuhusu binti fulani aliyemshtaki mumewe, "Angalieni asije akawa kama yule Zuhura, mwongo yule." Wakacheka. Na mimi, nakuapia, mdomo wangu ulijivuta ukataka kucheka nao. Salma alikuwa amekaa pembeni yangu. Ana miaka kumi na saba sasa, mrefu kuliko mimi. Kiswahili anakielewa chote lakini huwa hakizungumzi, sote tumezoea. Siku hiyo akazungumza.

"Mama, waambie."

Nikamuuliza niwaambie nini.

"Nilikuwa na homa siku ile ya mfuniko. Sikwenda shule. Nilikuwa nyuma ya mlango." Wenzangu waliweka vijiko chini. "Nilikuwa nakungoja wewe useme mwenyewe. Nimengoja sana, mama."

Sikuwaambia. Nilichukua mkoba nikatoka nje bila koti, nikasimama kwenye baridi mpaka masikio yakafa ganzi. Salma hakuja kunifuata. Tulirudi nyumbani kwenye basi moja, viti tofauti, na kwa wiki tatu alinijibu kwa kichwa tu, ndiyo na hapana. Nikaona nimempoteza yuleyule niliyekuuza wewe ili nisimpoteze.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili. Nilisema yote, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwiko, mfuniko, taulo, na swali la mahakamani na jibu langu. Aliandika, akanisomea, akaniuliza kama najua kwamba nikitia sahihi naweza kushtakiwa, kwa kukupiga na kwa kudanganya mbele ya hakimu. Nikamwambia najua. Akauliza tena, labda alidhani Kiingereza kimenipita. Nikamwambia, dada, najua, nipe kalamu. Akasema pia kwamba haahidi chochote, kwamba Rashidi huenda asiguswe, kwamba faili lako la uhamiaji ni la zamani na huenda lisifunguliwe. Nikamuuliza kama hiyo karatasi itaingia humo ndani hata kama hakuna atakayelifungua. Akasema itaingia. Itakaa nyuma ya ile inayosema neno lako haliaminiki.

Salma alikuwa ananisubiri chini kwenye ngazi. Alinifunga skafu shingoni kama mimi ndiye mtoto, tukatembea.

Sikuombi msamaha hapa, mbele za watu, maana utajiona umelazimika kuutoa, na wewe umeshanipa mengi mno bila kuombwa. Nasubiri polisi watakaponiita. Wewe popote ulipo, Muheza, Dar es Salaam, au nyumbani kwa mume mwingine anayekuuliza mbona sikio liko hivi, usiseme ulianguka, wala usimtaje Rashidi kwa hilo. Nitaje mimi. Nitaje kwa jina langu lote, na la baba yangu, na mtaa nilipo, na kama kuna asiyeamini, mwambie mwenyewe ameandika.

Ni mimi niliyekupasua,
bi mkubwa wako.